Usingizi wa Saa Nane

Shuleni kwa Raya somo halikai kichwani mpaka mtoto alale. Kila saa nane mchana wanafunzi hulazwa mikekani, mashine zikavuma kama nyuki wa mbali, na ubongo ukashika hesabu huku ukifagia yasiyohitajika. Yapi yafagiliwe, huamua mzazi.

Zulekha, mama yake, hakufikiri sana. Mtoto alikuwa akiota sungura na majini badala ya sehemu na desimali. "Ondoeni hadithi za bibi yake," alisema. Nani hataki mwanawe afaulu?

Sasa Raya anaongoza darasa. Jioni moja ya mvua bibi akaja kutoka Makunduchi, akamkumbatia mjukuu wake, akaketi naye ukumbini kama zamani.

"Paukwa!" akaita, akatega sikio.

Raya alimtazama kwa adabu.

"Paukwa, mjukuu wangu!"

Mlangoni mwa jiko Zulekha alisimama na upawa mkononi, jibu limemjaa kinywani, asithubutu kulitoa.

"Pakawa," bibi akajijibu mwenyewe, taratibu.

Raya akamshika mkono. "Bibi," akanong'ona, "unaongea na nani?"