Glavu Zinazosubiri Jina

Ulijua, kocha, ukaangalia pembeni. Wasichana walikimbia na misuli ya nyonga iliyochanika, bila kutibiwa, kwa sababu tabibu wa timu alikuwa mwanamume na hakuna aliyewauliza kama wako radhi.

Sasa glavu za tabibu hazifanyi kazi mpaka mwanariadha amtaje anayetaka amkande. Jana Jerotich, mmoja wa wakimbiaji, alirudi nyumbani bila maumivu.

"Ulimtaja nani?" akauliza mama yake, aliyeacha mbio akichechemea.

"Barasa, yule tabibu."

"Mwanamume? Hata huoni haya."

"Nimemtaka mimi, mama. Nikisema basi, glavu zinakakamaa, anaacha."

Mama akajishika nyonga. "Wangeniuliza mimi, ningemtaja mpishi wa kambi. Yule alijua kukanda."

Shuleni kwa mdogo wake Jerotich, naye mkimbiaji, glavu hazijafika. Usizingoje. Nenda uwanjani leo, umuulize binti huyo anataka ashikwe na nani.