Vipimo vya Dari

Nyumba ya Febronia ndiyo ya kwanza Kasulo kuezekwa bati, na hachoki kujisifia, ingawa saa saba mchana bati hilohilo humtoa nje kama moshi utoavyo nyuki.

Leo fundi alipanda ngazi kupima dari ya kuzuia joto. Akaeleza bei ya jipsamu, akaeleza ya mbao. Febronia akamwomba arudie, taratibu, huku akimmiminia chai.

"Bibi, hujawahi kupimiwa?"

"Na nani, mjukuu wangu? Tangu wanangu wahamie Mwanza, hata mbwa wa jirani hapiti hapa."

Fundi akasogeza uso kwenye kenchi, mbao zinazobeba bati. Palikuwa na vipimo vya penseli, miandiko mitatu tofauti, mmoja una tarehe ya juzi.

"Bibi, na hawa waliopima?"

Febronia akamsogezea kikombe. "Kunywa kwanza, chai inapoa."