Hatua za Tumbili

Kiangazi kilipokaza, wanyama walibakiwa na ghala moja la karanga. Wakamwita Tumbili, bingwa wa hesabu, awaambie kila mmoja ale karanga ngapi kwa siku mpaka mvua inyeshe. Kwa kuwa walimjua kwa ujanja, walimweka Korongo, ndege asiye na upendeleo, ampime hatua kwa hatua. Kila hatua sahihi, Tumbili apewe karanga moja. Wengine wasiguse ghala mpaka jibu lipatikane.

"Mbili na mbili ni nne," Tumbili alianza.

"Sahihi," alisema Korongo, akampa karanga.

"Nne ukitoa mbili, zinabaki mbili."

"Sahihi."

"Mbili na mbili ni nne."

"Sahihi."

Siku ya tatu Mama Pimbi alishindwa kuvumilia. "Bwana Korongo, wanangu wana njaa! Mbona huyu anazunguka palepale?"

"Mama, umesikia kosa?"

"Sijasikia."

"Basi niache nifanye kazi. Mimi napima hatua, sipimi safari."

Siku ya saba Tumbili alipapasa kitambi chake akasema, "Jibu nimelipata. Kila mmoja atakula sifuri."

"Sahihi," Korongo alijibu kwa mazoea, akatumbukiza mdomo ghalani amtolee karanga yake.

Mdomo uligonga sakafu, ko!

Wanyama walipigwa na butwaa. Walipozinduka, waliirudia hesabu yote tangu mwanzo, wakitafuta kosa la kumshtakia Tumbili. Hawakuliona hata moja.