Tamale za Mama

Mwenyekiti wa mfuko wa ufadhili wa wanafunzi wenye asili ya Amerika ya Kilatini alimaliza kuwasomea waalikwa insha ya Marisela kwa Kiingereza huku akifuta machozi: watoto walivyolala njaa, mama alivyochemsha maji matupu ili wadhani kuna chakula.

Mama mwenyewe, asiyejua Kiingereza, alipiga makofi kuliko wote. Kisha akafunua sufuria aliyokuja nayo. Mvuke wa tamale, vinyunga vya mahindi vyenye nyama ndani, ukatanda, maganda ya mahindi yaliyovifunga yaking'aa mafuta. Akampakulia mwenyekiti tatu, akaongeza ya nne.

"Karibu, dada, usione haya!" alisema kwa Kihispania. Akamgeukia bintiye. "Mtafsirie basi, mbona umeinama? Mwambie kwangu hajawahi kulala mtu na njaa."



"Anasemaje?" aliuliza mwenyekiti, mdomo umejaa.