Maganda ya Makame

Mfamasia alizitia kapsuli kwenye bahasha akamkabidhi Bi Mize. Zilikuwa za mwanawe Riziki, aliyeshikwa na maradhi ya tumbo yaleyale yaliyomchukua baba yake, Makame, mwaka juzi.

"Azimeze nzima, bibi. Msije mkazifungua mkakoroga unga kwenye uji. Ganda hili ni la mwani, ndilo linaloibeba dawa mpaka utumboni penye kidonda. Bila ganda, dawa hufia njiani."

"Mwani huu tunaouanika sisi?"

"Huohuo. Mnalima dawa wenyewe, hamjui."

Mfamasia akacheka. Bi Mize hakucheka. Alikuwa akimsikia Makame, siku zile za ugonjwa wake, akimtania, "Mke wangu, utanikaba kwa maganda hayo." Basi kila asubuhi, miezi mitatu, alizifungua kapsuli za mumewe kwa ukucha, akamimina unga kwenye uji wa mtama, akaupuliza upoe, akamnywesha mpaka bakuli likang'ara. Maganda hakuyatupa. Yalikuwa mazuri mno, rangi ya asali, akayahifadhi kwenye kopo la majani ya chai.

Nyumbani, Riziki alijaribu kumeza, akapaliwa, akaitema kapsuli kiganjani.

"Haipiti, mama. Nifungulie, kama ulivyokuwa ukimfungulia baba. Alisema una mkono wa huruma."

Bi Mize akaipokea. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeshafika wenyewe kwenye kiungo cha ganda. Akauona, akaurudisha mkono ndani ya kanga.

Kule juu ya kabati, kopo lilikuwa kimya, kama mtu anayesikiliza.