Tangi la Wifi

Jumatatu, tarehe tatu Machi, mwaka elfu mbili na kumi na nne, mjane alifunga bomba dogo ambalo halikuwa lake.

Bomba hilo lilipeleka mbolea katika tangi la wifi yake, mke wa kaka yake. Matangi yao katika kiwanda walichofanyia kazi yalikuwa jirani, yamejaa mwani mdogo usioonekana kwa macho ila kwa ukijani unaoutia majini. Mafuta ya mwani huo yalitiwa katika maziwa ya unga ya watoto wachanga. Msimamizi alikuwa ametangaza kwamba kazi imepungua: baada ya mavuno angebaki na mmoja wao, yule ambaye mwani wake ungetoa mafuta mengi zaidi.

Mjane ndiye aliyemwombea wifi kazi hapo. Lakini wifi alikuwa na mume. Yeye mjane, akifukuzwa, angerudi katika chumba cha uani cha kaka yake, aombe hata chumvi kwa mke wa mtu.

Basi kila asubuhi, wenzake wakiwa bado wanavaa glavu, alilifunga bomba lile, akalifungua tu msimamizi alipokaribia. Tangi lake mwenyewe aliliongezea mbolea. Nani asiyejua kwamba aliyelishwa ndiye anayenona?

Maji ya wifi yalififia, yakapauka, yakageuka manjano. Wafanyakazi walitania kwamba tangi lile limeshikwa na homa ya manjano, litafutiwe kitanda hospitalini. Wifi hakucheka. Alishinda akilichungulia kama mzazi mwenye mgonjwa wodini.

"Wifi, wewe ni mzoefu," alisema siku moja kwa sauti ya chini. "Niambie nilipokosea. Au nimeuua mwani?"

Mjane alipangusa kioo cha tangi lake, lililokuwa kijani kibichi kama majani ya masika. "Hukukosea, mke wa kaka. Mikono haifanani."

Siku ya mavuno msimamizi alikamua mwani wa kila tangi, akapima mafuta. Mjane alikuwa amekwisha kuyapanga moyoni maneno ya kumfariji mwenzake.

Msimamizi aliinua chupa iliyojaa. Ilikuwa ya tangi la manjano.

"Mwani ukishiba huzaana tu," alisema. "Ukinyimwa mbolea ndipo hujiwekea akiba ya mafuta. Nani alikuelekeza uunyime, bibie?"

"Ni wifi yangu," alijibu mke wa kaka, bila kupepesa macho. "Kila asubuhi alikuwa akinifungia bomba."

Nawe msomaji, ukimaliza, mpe na wifi yako asome.