Kitasa cha Tatu

Mkate ulikuwa umekatwa tena. Vipande viwili vinene, na makombo yamefutwa mezani kwa adabu kabisa.

Mama wa nyumba aliwapanga wanawe watatu ukutani, akauliza nani kala mkate asubuhi yote hii. Kila mmoja akaapa si yeye. Akamkaripia mkubwa mpaka akalia, halafu akajuta, maana mtoto yule hajui uongo.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya sita tangu warudi likizo. Mwanzoni kila kasoro waliisingizia likizo yenyewe. Wiki tatu za kuamka saa nne na kula ovyo zinamlegeza mtu. Nani atakumbuka jokofuni mlibaki maziwa kiasi gani? Blanketi la wageni lilipokosekana kabatini, mume alisema labda wamelisahau hotelini.

"Blanketi hatukwenda nalo," mkewe akamjibu.

Mume alikuwa fundi vitasa. Mtaa mzima ukijifungia nje, huitwa yeye. Leo nyumba yake mwenyewe, yenye mlango mmoja tu, watu wanaiingilia kama soko! Kweli mganga hajigangi.

Wa kumshuku alimpata upesi. Walipokuwa likizo, ufunguo aliachiwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, awamwagilie maua. Akamwita, akamhoji, maneno yakawa makali. Shemeji aliuweka ufunguo mezani, akasema hatakanyaga tena pale. Mkewe alilia siku nzima. Fundi hakujali, Jumanne aling'oa kitasa, akafunga kipya, ufunguo mmoja wake na mwingine wa mkewe.

Alhamisi maziwa yakapungua. Leo mkate.

"Kikipotea kitu kingine," mkewe akasema, "nawachukua watoto naenda kwa mama. Wewe baki na vitasa vyako."

Hakuwa anatania. Mabegi ya safari, ambayo hata hajamaliza kuyapakua, alikwisha yasogeza karibu na mlango. Fundi akayatazama mabegi. Bila mke na watoto wale, ile nyumba ya nini?

Akaking'oa kitasa cha Jumanne, akafunga cha tatu, kile kizito alichomwagizia mteja mmoja tajiri. Hicho hufungwa kwa ufunguo nje na ndani, na bila ufunguo wake hata yeye mwenyewe kingemtoa jasho saa nzima. Kilikuja na ufunguo mmoja tu. Wa pili angeuchonga karakanani. Madirisha yote yalikuwa na nondo.

"Tufungie uende nao," mkewe akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. "Angalau leo nitafua bila kugeukageuka nyuma."

Akawafungia, akausukuma mlango mara mbili kuhakikisha, akaenda kazini akipiga mluzi.

Karakanani, kabla ya kuchonga ufunguo, alikitoa kwanza kitasa cha Jumanne mfukoni. Alitaka kuijua kazi ya huyo mwizi. Kitasa kilichochokonolewa hakifichi siri: waya huacha mikwaruzo ndani, na kila mwizi ana mikwaruzo yake. Akakifungua skrubu, akamulika kwa tochi.

Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ndani kiling'aa vilevile kama kilivyotoka dukani.

Akavua miwani, akaifuta, akatazama upya. Tangu Jumanne, ule mlango haukufunguliwa na mtu yeyote ila yeye na mkewe. Alhamisi ilikuwa baada ya Jumanne. Akaitupa tochi.

Akampigia mkewe simu. Iliita mara nne kabla hajapokea, na alipopokea alikuwa anacheka.

"Wewe nawe, unanipigia simu huku unaoga? Maji nayasikia huko bafuni. Umerudi saa ngapi, mbona hata mlango sikuusikia?"